BOLTI IMEKATIKA TENA: NANI MWENYE KOSA?



Bolti ya injini imekatika tena. Hii ya Jumanne ni ya 14 tangu Januari mwaka huu. Tumezihesabu wenyewe, maana vipande vyote tumevitia katika kopo la maziwa hapa ofisini. Asiyeamini aje, tutamwagia mezani azione.

Gari tunalolisema ni lile lile moja tulilo nalo, Land Rover ya zamani ya ushirika. Kila mmoja anajua kwamba ilitoka kiwandani na injini ya petroli, na sisi tukaitia injini ya dizeli ya gari la aina nyingine. Tulifanya hivyo kwa sababu petroli ilitushinda. Uamuzi ule haukuwa mbaya, na hatuujutii. Injini yenyewe ni nzima, haili oili, inawaka kwa mara moja. Kinachokatika ni zile bolti tatu za upande wa kushoto, zinazoshika breketi ya injini. Tunaweka, zinakatika. Tunaweka tena, zinakatika tena. Imekuwa kama kuteka maji kwa pakacha.

Ndugu, hili si jambo la kuchekea kilabuni. Mnakumbuka usiku ule wa Aprili. Mama mmoja wa kitongoji cha juu alishikwa na uchungu, gari likatoka kumpeleka zahanati. Kwenye kilima cha pili bolti zikakatika, injini ikalala upande, feni ikakata radieta, maji yote yakamwagika. Yule mama alimaliza safari amekaa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Alijifungua salama, tunamshukuru Mungu. Lakini tujiulize sisi kwa sisi: je, angejifungulia njiani gizani, tungemlaumu nani? Bolti?

Na sasa alizeti imekauka mashambani. Magunia yanangoja. Jumamosi tuna mkutano wa wanachama wote, na ajenda ni moja tu: gari. Tumekwisha kuyasikia maneno yanayozunguka kisimani na kwenye mashine ya kusaga. Maneno yenyewe ni manne. Sisi tunasema yote manne ni makosa, na tutayajibu moja moja hapa ukutani, ili mtu akija mkutanoni awe amekwisha fikiri.

NENO LA KWANZA: "NI DEREVA, ANAENDESHA OVYO."

Hili ndilo neno lililopendwa zaidi, maana ni rahisi. Hata kamati ilikubali, ikamkata dereva posho ya miezi miwili. Sawa. Lakini tangu akatwe posho zimekatika bolti ngapi? Tano! Basi ile posho tuliyomkata imekaza bolti gani? Katika wiki zile mbili dereva alipokuwa anaumwa, gari liliendeshwa na kijana mwingine, tena polepole kama maandamano ya harusi. Bolti mbili zikakatika vile vile. Kama kosa ni la dereva, mbona ugonjwa hauondoki akiondoka yeye?

NENO LA PILI: "NI MKONO WA MTU."

Wapo wanaosema eti kuna mtu anaionea wivu gari ya ushirika, analifanyia mambo usiku. Ndugu, tuache hayo. Mtu anayetaka kuliharibu gari usiku angekata mpira wa breki, au angemwaga mchanga kwenye oili. Asingekuja mara 14 kukata bolti zile zile tatu upande ule ule mmoja. Kitu kinachokatika pale pale kila siku kina sababu pale pale. Tukianza kutazamana kwa macho ya uchawi, tutavunja ushirika, na bolti itakatika tena wiki ijayo.

NENO LA TATU: "TUTIE BOLTI NENE ZAIDI."

Hili lina sura ya akili, lakini tulipime. Kutia bolti nene maana yake ni kupanua matundu kwenye mwili wa injini. Mwili ule ni chuma cha kusubu, na ukuta wake pale si mnene. Ndani yake kuna njia za maji. Ukitoboa bila kujua, unatoboa mpaka kwenye maji, na hapo umeiua injini nzima kwa ajili ya bolti tatu.

NENO LA NNE: "TUCHOMELEE MOJA KWA MOJA, TUMALIZE KAZI."

Hapana! Chuma cha kusubu si nondo ya dirisha. Ukikichoma kwa moto wa ghafla kisha kikapoa haraka, kinapasuka pembeni mwa ule mchomeleo. Kukichomelea vizuri kunataka vijiti maalum, kukipasha joto kwanza, na kukipoza polepole, na bado fundi mzuri anaogopa. Tena siku ya kutaka kuifungua injini tutafungua na nini? Na tindo?

Basi maneno manne tumeyamaliza. Sasa tuseme kinachokata bolti.

Katika darasa letu la kisomo cha watu wazima, lile la jioni, tulimwalika mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli. Tulimwagia lile kopo mezani. Hakusema neno. Alitwaa kipande kimoja kimoja, akakifuta kwa kitambaa, akakigeuzia taa, akatuita tutazame palipokatikia. Tukaona. Sehemu kubwa ni laini, ina mistari myembamba inayofuatana kama pete ndani ya gogo la mti. Sehemu ndogo iliyobaki ni ya kukwaruza, ina chembechembe kama sukari.

Akatueleza. Ile sehemu laini haikukatika siku moja. Ufa ulianza mdogo upande mmoja, ukaenda kidogo kidogo, siku kwa siku, injini ikitikisika. Ile ya chembechembe ndiyo iliyobaki ikishikilia peke yake mpaka ikashindwa, tukasikia "tak!" Kumbe bolti ilikuwa imekufa zamani, sisi tumesikia kishindo cha maziko tu. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Na chuma nacho ni hivyo hivyo. Chuma kinachoka.

Mzee akasema jambo hili si geni. Tarehe 8 Mei 1842, karibu na Versailles huko Ufaransa, ekseli ya kichwa cha treni ilikatika, mabehewa yakapandana na kuwaka moto, watu zaidi ya 50 wakafa. Baadaye Mjerumani mmoja wa reli, August Wöhler, alikaa miaka akizungusha na kupinda vyuma kwa mashine, mpaka akaonyesha kwamba chuma kinaweza kukatika kwa nguvu ndogo kuliko uwezo wake, mradi nguvu hiyo irudiwe mara nyingi mno. Hayo aliyatoa kufikia mwaka 1870. Sisi tumechelewa kidogo kuyasikia, lakini tumeyasikia.

Je, injini yetu inatikisika mara ngapi? Tulifanya hesabu ubaoni. Injini ya silinda nne hupiga misukumo miwili kila inapozunguka mara moja. Ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ni misukumo 3,000 kwa dakika. Kwa saa moja ni 180,000. Kwenda kwenye mashine ya kukamua alizeti ni saa mbili: 360,000. Kwenda na kurudi: 720,000. Hapo hatujahesabu mashimo ya barabara.

Sasa mtu atauliza: kama ni hivyo, mbona magari mengine yote hayakati bolti? Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha maneno yetu yote ya leo.

Bolti iliyokazwa sawasawa haitikisiki. Chukua mfano wa gunia la mkaa juu ya baiskeli. Ukilifunga kwa mpira ukavuta mpaka gunia na kareya vikawa kitu kimoja, utafika mjini mpira mzima. Ukilifunga kwa kulegeza, gunia litacheza kulia na kushoto, litausaga ule mpira, na kabla ya nusu ya safari mpira umekatika. Je, gunia limeongezeka uzito? Hapana. Ni lile lile. Kilichokata mpira ni kucheza.

Na bolti kazi yake ni ile ile ya mpira wa baiskeli. Ikikazwa, inavutika kidogo sana kama springi, na kwa kuvutika huko inabana breketi na injini pamoja mpaka chuma na chuma vikashikana. Anayebeba mtikisiko ni ule mshikano, si bolti. Ikilegea, mshikano unakwisha, breketi inaanza kucheza, na bolti inapindwa huku na huku kama mtu anavyokata waya kwa mikono. Kwa hiyo bolti zetu zililegea kwanza, ndipo zikakatika. Sisi tumekuwa tukitibu kukatika. Kulegea hatujakugusa.

Zinalegea kwa nini? Tuliingia chini ya gari na yule mzee, na tochi. Tulichoona tunakiandika bila kumwonea mtu.

Kwanza, uso wa breketi ile iliyochongwa na kuchomelewa haukulala sawa. Unagusa injini pembeni, katikati kuna nafasi unayoweza kupitisha kucha.

Pili, ili kuziba ile nafasi zilipangwa washa nne juu ya nyingine kama sahani za kabatini, na juu yake rangi nene. Rangi inapondeka, washa zinajipanga upya, na ukazo wote unakwisha ndani ya siku mbili.

Tatu, matundu ya breketi hayakutana na ya injini. Bolti ziliingizwa kwa kulazimisha na nondo. Basi tangu siku ya kwanza zilikuwa zimepinda.

Nne, raba ya kukalia injini ni kipande cha tairi la lori kilichokandamizwa mpaka kikawa kama jiwe. Raba ya injini kazi yake ni kuiacha injini itikisike yenyewe, na kuiacha chasisi ijipinde kwenye mashimo bila kuivuta injini. Yetu haifanyi lolote kati ya hayo. Chasisi ikijipinda inavuta injini, na anayevutwa ni bolti.

Tano, tundu moja ni fupi na bolti ni ndefu. Bolti inafika chini, inagota, spana inakataa, fundi anasema "imekaza." Haikukaza! Imegota. Haibani kitu.

Sita ni bolti zenyewe. Na hapa, ndugu, ndipo tulipoona haya sisi tunaojisifu kwamba tumefuta ujinga. Kumbe bolti ina maandishi kichwani, na miezi yote hii hakuna aliyeyasoma. Tunasoma barua, tunasoma mizani ili tusiibiwe, lakini bolti hatukusoma.

Maandishi ni namba mbili na nukta katikati: 4.8, au 8.8, au 10.9. Namba ya kwanza ukizidisha kwa 100 unapata nguvu ya chuma kile kabla ya kukatika, kwa nyutoni katika kila milimita moja ya mraba. Namba ya pili ni sehemu ya kumi ya nguvu hiyo ambayo bolti itavumilia kabla ya kurefuka isirudi. Bolti ya milimita 10 ina chuma cha milimita za mraba 58 kwenye nyuzi. Ya 4.8: 58 mara 400 ni nyutoni 23,200, yaani zaidi ya kilo 2,300. Ya 8.8: 58 mara 800 ni 46,400, yaani zaidi ya kilo 4,700. Moja ina nguvu mara mbili ya mwenzake, na kwa macho ni mapacha.

Katika kopo letu bolti 9 ni za 4.8, hizi za kufungia milango na mageti. Tatu hazina maandishi kabisa. Mbili tu ndizo za 8.8. Na angalieni vizuri: hizo mbili za 8.8 zilikaa siku nyingi kuliko wenzake, lakini nazo zilikatika! Injini nzima haifiki kilo 300. Bolti inayoweza kubeba zaidi ya kilo 4,700 imekatwa na nini, kama si kulegea? Kwa hiyo anayesema "tununue za 10.9 tumalize" naye hajafika. Bolti ngumu ikilegea itakatika kama laini, labda itachukua siku zaidi.

SASA KOSA NI LA NANI?

Tutasema wazi, maana mficha uchi hazai. Kosa ni letu. Fundi alifanya kazi mbaya, ndiyo. Lakini alitupa bei mbili. Bei moja ilikuwa na raba halisi na breketi ya kupeleka karakana ikasawazishwe uso. Bei ya pili ilikuwa "ya haraka." Sisi viongozi, pamoja na sisi tunaoandika hapa, tukachagua ya haraka, tukarudi kifua mbele kwamba tumeokoa fedha za wanachama. Tumeokoa nini? Tumekodi lori mara tatu. Tumenunua radieta. Tumelipa mara mbili kutoa visiki vya bolti ndani ya injini. Tulipojumlisha risiti, fedha hiyo ingetosha kulipa ile bei ya kwanza, na chenji ingebaki.

Na kosa jingine letu ni tabia ya "funga tu, twende." Bolti ikikatika, mtu anakimbilia dukani, anaomba "yoyote ya spana hii," anafunga moja, mbili zilizobaki anaziacha. Lakini zile mbili zilikwisha kubeba mzigo wa mwenzao, nazo zimechoka. Kesho zinafuata. Huo ni ubabaishaji, na ubabaishaji ndio adui wa mali ya pamoja. Gari la mtu binafsi likilegea bolti, mwenyewe anasikia mlio usiku akiwa amelala. Gari la ushirika kila mmoja anasema "wahusika wataona." Wahusika ni nani? Ni mimi na wewe.

MAPENDEKEZO YETU KWA MKUTANO

1. Gari lisitoke mpaka kazi ifanywe upya. Alizeti ya wiki ya kwanza ipelekwe kwa lori la kukodi, wote tuchange kwa gunia. Inauma, lakini itauma mara moja.

2. Injini ininginizwe kwa winchi ya mnyororo, mauntingi zote zifunguliwe pande zote mbili, injini ijikalie yenyewe. Breketi mpya ipimwe kufuata injini. Injini isivutwe kufuata breketi.

3. Uso wa breketi usawazishwe karakana. Washa za kujazia na rangi visiwepo kati ya chuma na chuma.

4. Raba ziwe halisi, za kuendana na injini hii, kushoto na kulia. Tairi tuliachie kazi ya kandambili.

5. Kila bolti iingie kwa vidole mpaka mwisho kabla spana haijagusa. Bolti isiyoingia kwa vidole inatuambia breketi haijakaa. Kina cha kila tundu kipimwe kwa kijiti, bolti isigote.

6. Bolti zote tatu ziwe mpya kwa pamoja, za namba inayotakiwa na kitabu cha injini, zisiwe chini ya 8.8. Anayekwenda kununua asome kichwa mbele ya muuzaji, na risiti iletwe.

7. Zikazwe kwa spana ya kupimia, kwa kipimo cha kitabu. Bolti ya 8.8 ya milimita 10 kwa kawaida hukazwa karibu nyutoni-mita 45 hadi 50. Hiyo ni kama kuvuta kilo 20 kwenye mpini wa sentimita 25. Kijana mwenye kifua asilete bomba la kurefushia spana, ataivuta bolti mpaka irefuke.

8. Zikikazwa, upigwe mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye breketi. Mstari ukikatika, bolti imezunguka, hata mtoto ataona. Tukague baada ya siku ya kwanza, kisha kila Jumamosi, na tuandike kwenye daftari la gari. Kazi ya kukagua na kuandika wapewe wanadarasa wa kisomo kwa zamu, ili kusoma kwetu kuwe na faida.

9. Dereva arudishiwe posho yake ya miezi miwili, na kamati imwombe radhi mbele ya mkutano. Sisi tutakuwa wa kwanza kusimama.

Ndugu wanachama, kuna watakaosema katibu na darasa lake wamejifanya mafundi. Sisi si mafundi. Ni wakulima tuliojua kusoma ukubwani, na mwenye kujua kusoma hana ruhusa ya kusema hakuona. Bolti 14 zimetuandikia barua 14, zote zenye ujumbe mmoja. Tusingoje ya 15 iandikwe usiku, kwenye kilima, na mama mwingine ndani ya gari.

Tukutane Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa ghala. Kopo la bolti litakuwa mezani. Kila mwanachama atwae moja, aitazame, ndipo apige kura.

Ni sisi,
Katibu na wanadarasa wa jioni